Gesi Haiishi, Huvuja: Historia ya Kiyoyozi cha Dirishani na Maneno ya Ufundi Wake

Miongoni mwa kazi za mkuza istilahi ni kusoma karatasi ambazo hazikuandikwa ili zisomwe na watu wa lugha. Miaka michache iliyopita nililetewa fomu za matengenezo za ofisi moja ya umma, nisaidie kuyapanga maneno yake kabla ya fomu mpya kuchapishwa. Katika fomu hizo palikuwa na habari za kiyoyozi kimoja cha dirishani, cha zamani sana, kilichotumika katika chumba cha masjala. Mara ya kwanza fundi aliandika: "Gesi imekwisha. Imejazwa." Baada ya miezi minne aliandika tena: "Gesi imekwisha. Imejazwa." Miezi mitatu baadaye, maneno yakawa yaleyale. Mara ya nne mwandiko ulikuwa wa ofisa wa bohari, na neno lilikuwa moja tu: "Chakavu." Kiyoyozi kiking'olewa, kikauzwa kwa kilo kama chuma.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kiyoyozi kile kilipotezwa na maneno mawili. Neno "imekwisha" liliuficha ugonjwa, na neno "chakavu" likalifunga jalada. Ili tuone kwa nini maneno hayo hayakustahili, hatuna budi kuirejea historia ya mashine yenyewe, kwani makosa mengi ya istilahi huanza pale jina la kitu linapotengwa na habari za kitu hicho.

Asili ya mashine na jina lake

Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Buffalo Forge. Kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kilikuwa na taabu. Picha za rangi zilichapwa kwa kuipitisha karatasi ileile mashinini mara kadhaa, kila rangi kwa zamu yake. Siku za unyevu karatasi ilitanuka, siku za ukavu ikasinyaa, hata rangi ya pili isiangukie mahali pa rangi ya kwanza. Carrier alisanifu mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba yenye ubaridi, ili unyevu uliozidi utoneke na kuondolewa. Kwa hiyo shabaha ya kwanza ilikuwa kuitunza karatasi, wala si kumstarehesha mwanadamu. Na kilichotafutwa ni unyevu uliopimwa, ubaridi ukiwa njia tu ya kuufikia.

Jina la mashine lilikuja baadaye. Mwaka 1906 Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya pamba wa North Carolina, alilitumia jina la Kiingereza ambalo maana yake ni kuitia hewa hali inayotakiwa. Alilichota katika kazi ya nguo, ambamo uzi ulitiwa unyevu wa kadiri maalumu ili usikatike. Tuangalie jambo hili: Carrier alitaka kuuondoa unyevu, Cramer alitaka kuuongeza, na jina moja likawatosha wote wawili, maana lilitaja hali ya hewa bila kutaja ubaridi. Waarabu nao wamelifuata wazo hilohilo katika neno "mukayyif", yaani kitu kinachotia hali, neno ambalo ndugu zetu wasemao Kiswahili huko Oman na nchi za Ghuba hulisikia kila siku.

Kiswahili kimeshika njia nyingine. Neno lililokubalika, "kiyoyozi", huchukuliwa na wasemaji kuwa ni chombo cha kuleta ubaridi, na neno "kipozahewa" ambalo baadhi ya watu hulitumia hulitamka wazo hilo waziwazi. Mitaani wengi husema tu "eisii". Sisemi kwamba neno kiyoyozi libadilishwe. Neno lililokwisha kupata makao vinywani mwa watu halifukuzwi na makala. Lakini mfasiri na mwalimu wajue kwamba kukausha hewa ni kazi ya asili ya mashine hii, wala si ajali. Maji yanayodondoka nyuma ya kiyoyozi ni unyevu wa chumba uliokamatwa na koili yenye ubaridi. Hata hivyo, mara ngapi tumeona barua inayosema "kiyoyozi kinavuja", na anayelalamikiwa ni maji hayo ya haki? Hapo tayari neno moja, "kuvuja", linabeba mizigo miwili: maji ambayo ni dalili ya uzima, na gesi ambayo kutoka kwake ni maradhi.

Kutoka kiwandani hadi dirishani

Kwa miaka mingi mitambo hii ilikuwa mikubwa na ya gharama kubwa. Ilifungwa viwandani, na katika miaka ya 1920 ikaingia katika majumba ya sinema ya Marekani, ambako watu walikwenda wakati wa joto kwa ajili ya ubaridi kama walivyokwenda kwa ajili ya picha. Mwaka 1931 H. H. Schultz na J. Q. Sherman waliomba hataza ya mashine ya chumba kimoja, inayokaa kwenye kizingiti cha dirisha. Ilikuwa ya matajiri. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashine ndogo na za bei nafuu zaidi, zilizosanifiwa na mhandisi Henry Galson, zilifungua soko: mwaka 1947 ziliuzwa mashine za dirishani zipatazo 43,000 nchini Marekani, na kufikia mwaka 1953 mauzo yalikuwa yamepita milioni moja kwa mwaka.

Umbo la mashine hizo lilifuata dirisha la Kimarekani, ambalo kioo chake cha chini husukumwa juu, mashine ikawekwa katika uwazi, kisha kioo kikashushwa juu yake. Madirisha yetu ya pwani hayako hivyo. Mengi hufunguka kwa bawaba au ni ya vioo vya kulaza. Ndiyo maana katika majengo ya zamani ya Dar es Salaam na Mombasa "kiyoyozi cha dirishani" mara nyingi kimo katika tundu lililokatwa ukutani, wala si dirishani. Jina limesafiri na mashine, dirisha likabaki kwao.

Gesi iliyopoteza harufu

Ndani ya kiyoyozi mna gesi iliyofungiwa katika mabomba ya shaba. Kompresa huigandamiza hata ikawa moto. Katika koili ya nje gesi hulitua joto lake na kugeuka kimiminiko. Kimiminiko hicho hupita katika mrija mwembamba, mgandamizo wake ukashuka ghafla, na kinapofika katika koili ya ndani hugeuka tena kuwa gesi. Katika kugeuka huko hulinyonya joto la chumba. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa, safari ikaanza upya. Katika mashine za dirishani mzunguko huo hufungwa kwa kulehemiwa kiwandani, na mara nyingi hauachiwi hata mahali pa kutilia gesi. Hakuna kinachoungua ndani yake, wala hakuna kinacholiwa.

Sasa tunaweza kuliona kosa la "gesi imekwisha". Petroli ya gari huisha kwa sababu huungua. Gesi ya jikoni huisha kwa sababu hiyohiyo. Gesi ya kiyoyozi haifanyi kazi ya kuni. Hufanya kazi ya mchukuzi, anayebeba joto kutoka ndani na kulitupa nje, akarudi kuchukua jingine. Tumeyapa majimaji na mivuke yote hiyo jina moja, "gesi", na neno hilo limekuja na tabia yake ya jikoni. Anayeambiwa gesi imekwisha haulizi imekwenda wapi, kama vile asivyouliza mkaa wa jana umekwenda wapi. Lakini ikiwa gesi ya kiyoyozi imepungua, basi pana tundu. Zipo mashine za miaka ya 1950 na 1960 zinazotunzwa na wapenzi wa vyombo vya kale huko Marekani ambazo bado zinapoza kwa gesi ileile zilizotoka nayo kiwandani.

Historia nayo inatuonyesha jinsi tundu lilivyopata kufichika. Majokofu na vipoza hewa vya awali vilitumia amonia, dioksidi ya salfa au kloridi ya methili. Zilikuwa gesi za hatari, na zilipata kuua watu majumbani. Lakini amonia na dioksidi ya salfa zilikuwa na jambo moja la kusifiwa: zilinuka vikali. Bomba likipasuka, nyumba nzima ilijua. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake walitafuta gesi isiyo na sumu wala moto, wakaipata. Mwaka 1930 Midgley aliionyesha mbele ya wanakemia wa Marekani kwa kuivuta kifuani kisha kuipuliza juu ya mshumaa, mshumaa ukazimika. Gesi hiyo iliuzwa kwa jina la Freon, na baadaye nduguye aitwaye R-22 akawa ndiye gesi ya kawaida ya viyoyozi vya dirishani. Salama ikapatikana, lakini harufu ikapotea. Gesi mpya ilitoka kimya kimya, na kitu kinachotoka kimya kimya huonekana kama kimekwisha chenyewe.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwa fundi asiye mwaminifu, tundu lisilozibwa ni nafuu pia, kwa kuwa ataitwa tena. Lakini nimezungumza na mafundi wengi waaminifu waliotumia msemo huohuo kwa nia njema kabisa, kwa sababu ndio msemo waliofundishwa nao. Hapo lawama ni yetu, sisi wa lugha.

Kukiopoa kiyoyozi cha zamani

Fundi hodari anayekiokota kiyoyozi cha miaka hiyo katika chuma chakavu haanzi na gesi. Huanza na kibao cha maelezo kilichogongomelewa ubavuni, ambacho hutaja aina ya gesi, uzito wake, volti, na uwezo wa kupoza. Kibao hicho kina mitego miwili kwa mfasiri. Wa kwanza ni "tani". Kiyoyozi cha tani moja hakina uzito wa tani moja. Kipimo hicho ni kumbukumbu ya enzi ya biashara ya barafu: ni joto linaloweza kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani kilo zipatazo 907, kwa saa 24, nalo ni sawa na kilowati 3.5 hivi. Mtego wa pili ni umeme. Mashine ndogo za Marekani zilitengenezwa kwa volti 115 na mizunguko 60 kwa sekunde, hali umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50. Kuipunguza volti kwa transfoma hakubadili mizunguko. Mota huzunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa.

Baada ya kibao hufuata uchafu. Mapezi ya alumini yaliyoshika koili huziba kwa vumbi, hewa isipite, na mashine ikaonekana haina gesi ilhali inayo. Kisha mota ya feni: nyingi za zamani zina vitundu vya kutilia mafuta ambavyo havikuonja mafuta kwa miongo kadhaa. Kisha kapasita, ambayo huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na lazima itolewe umeme huo kabla ya kuguswa. Zaidi ya hayo, kapasita nyingi zilizotengenezwa Marekani kabla ya katazo la mwaka 1979 zina mafuta yenye sumu, basi zisitobolewe wala kuchomwa. Kisha thermostati, na nyaya ambazo mpira wake umekauka na kupasuka. Sauti ya maji yanayorushwa ndani si ubovu: feni ya nje ya mashine nyingi ina pete inayoyachota maji yaliyodondoka na kuyatupa kwenye koili yenye joto ili kuipoza. Yote haya hurekebishwa bila kuugusa mzunguko wa gesi.

Ikithibitika kwamba gesi imepungua, fundi huanza kutafuta. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Kwa hiyo palipo na doa la mafuta lililoshika vumbi, hapo pana shaka. Povu la sabuni humaliza shaka hiyo. Hapo gesi iliyosalia hukusanywa kwa mashine katika mtungi wake, kwa kuwa ikikutana na moto wa kulehemu hutoa mivuke yenye sumu. Tundu hulehemiwa, pampu huivuta hewa na unyevu wote hata ndani pakabaki ombwe, kisha gesi hutiwa kwa mizani, uzito uleule uliotajwa kwenye kibao. Tazama vitenzi vilivyopita hapa: kutafuta, kukusanya, kuziba, kuvuta, kupima. Vyote hivyo vilimezwa na kitenzi kimoja katika fomu yetu: "imejazwa".

Gesi isiyotengenezwa tena

Kama jambo hili lingekuwa la hasara ya fedha tu, pengine lisingestahili kurasa hizi. Lakini mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za jamii ya Freon hupanda juu sana angani na kulimomonyoa tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka hilo limepungua mno juu ya Antaktika, na mwaka 1987 Mkataba wa Montreal ukatiwa saini. Marekani ilikataza kuziachia gesi hizo hewani kwa makusudi wakati wa matengenezo kuanzia Julai 1992, na tangu mwaka 2020 imekomesha kutengeneza na kuingiza R-22 mpya. Nchi zinazoendelea, zetu zikiwamo, zimepangiwa kuipunguza kwa hatua hadi mwaka 2030, ikibaki sehemu ndogo tu kwa matengenezo. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, mji wa jirani zetu, na kuongeza katika mkataba huo gesi zilizokuja kushika nafasi ya zile za kwanza, kwa kuwa nazo huongeza joto la dunia. R-22 yenyewe, uzito kwa uzito, hulizidisha joto hilo kama mara 1,800 kuliko hewa ya ukaa.

Kwa hiyo kila mara fomu ile iliposema "imekwisha", gesi haikuwa imekwisha. Ilikuwa angani. Na kiyoyozi kilipouzwa kwa kilo, mnunuzi wa chuma alikata mabomba ya shaba, na iliyosalia ikaifuata ile ya kwanza. Simkatazi mtu kununua mashine mpya; zinakula umeme mdogo zaidi, na huo ni ukweli. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo ufanywe kwa hesabu, usifanywe na neno lililokosewa.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, yafuatayo yanaletwa mbele ya wasomaji ili yajadiliwe:

(a) Gesi ya kiyoyozi na jokofu iitwe "gesi ya kupozea" katika vitabu, fomu na mafunzo, ili itengwe na gesi ya kupikia. Isemwe kwamba imepungua au imevuja. Isisemwe kwamba imekwisha.

(b) Neno "kuvuja" liwekewe gesi. Kwa maji ya kawaida ya kiyoyozi litumike "kudondosha".

(c) Kitenzi "kujaza" kisisimame peke yake katika fomu za matengenezo. Fundi ajaze nafasi tatu: mahali palipovuja, namna palivyozibwa, na uzito wa gesi iliyotiwa.

(d) Kuitoa gesi na kuihifadhi mtungini kuitwe "kukusanya gesi". Kuiachia hewani kuitwe "kumwaga gesi", ili kosa liwe na jina lake.

(e) Kwa kazi ya kukitoa chombo katika takataka na kukirudishia uhai, tutumie "kuopoa". Mabaharia na wavuvi wanalijua neno hili kwa kitu kinachotolewa majini kabla hakijapotea. Halihitaji kuundwa, linahitaji kuitwa tu.

(f) Katika orodha za mali, maneno matatu yatengwe: "kikuukuu" ni kilichotumika sana lakini kinafanya kazi; "kibovu" ni chenye kasoro iliyotajwa; "chakavu" ni kilichochunguzwa na kuthibitika kwamba hakitengenezeki. Neno hili la mwisho lisiandikwe na mtu ambaye hakukifungua chombo.

Huenda wengine wakaona kwamba tunayatwisha maneno mzigo wa mafundi. Lakini fundi huandika katika fomu tuliyoitunga sisi, kwa maneno tuliyompa sisi, na ofisa wa bohari huamua kwa kuisoma fomu hiyo, bila kuiona mashine. Fomu mpya ya ofisi ile sasa ina mstari unaouliza: "Gesi imevuja wapi?" Nilipoipeleka, fundi aliusoma mstari huo mara mbili, akaniambia kwamba hajapata kuulizwa swali hilo kwa maandishi. Akaenda kuchukua sabuni.